Kujenga studio ya kurekodia yenye akustiki nzuri katika nyumba ya matofali

Katika studio nyingi ndogo za Dar es Salaam fedha huishia kwenye kompyuta, maikrofoni na spika, na chumba chenyewe huachiwa kile kilichobaki: trei za mayai ukutani, zulia sakafuni na pazia zito dirishani. Baada ya miezi michache mwenye studio hugundua kwamba besi aliyoisikia chumbani haipo anapoupiga wimbo kwenye gari, kwamba bodaboda inayopita barabarani imeingia katika kila ubeti, na kwamba mvua ya masika inamlazimu kusimamisha kazi. Maikrofoni ya bei kubwa haiwezi kuyaondoa mambo hayo. Itayanasa tu kwa ufasaha zaidi. Mwongozo huu unafuata ujenzi wa studio ya chumba kimoja katika mtaa wa makazi, kwa vifaa vinavyopatikana mjini, na kwa mpangilio ambao ningeufuata mimi kama ningeanza upya kesho.

Jambo moja linapaswa kueleweka kabla ya tofali la kwanza, kwa sababu hatua zote zinazofuata zinalitegemea. Studio ina kazi mbili za sauti, nazo ni tofauti kabisa. Kazi ya kwanza ni kuzuia sauti isipite, yaani ya nje isiingie na ya ndani isitoke, na kazi hiyo hufanywa na vitu vizito, visivyopitisha hewa, na vilivyotenganishwa. Kazi ya pili ni kutuliza sauti iliyomo ndani, ili chumba kisiongeze wala kupunguza kile kinachopigwa, na kazi hiyo hufanywa na vitu vyepesi vyenye nyuzinyuzi ambavyo hewa hupenya ndani yake. Sponji haizuii sauti ya jirani hata kidogo, na ukuta wa zege hautulizi chochote. Karibu kila studio mbovu niliyowahi kuingia ilijengwa na mtu aliyeamini kwamba kifaa kimoja kitafanya kazi zote mbili.

Hatua ya kwanza: sikiliza eneo kabla ya kuchora

Kaa kwenye eneo lenyewe kwa nyakati tofauti ukiwa na daftari na simu yenye programu ya kupimia sauti. Simu si sahihi kama mita ya kitaalamu, lakini inatosha kulinganisha saa na saa. Nenda alfajiri ya adhana, nenda Ijumaa usiku baa zinapofunguliwa, nenda Jumapili asubuhi ibada inapoendelea, na urudi siku ya kazi saa kumi na moja jioni wakati daladala zimejaa barabarani. Andika pia vyanzo vilivyo karibu sana ambavyo watu huvisahau, kama vile pampu ya kisima, jenereta ya jirani na mashine ya kusaga.

Kisha fanya hesabu ya pande zote mbili. Ngoma na gitaa la besi vikipigwa kwa nguvu chumbani hufikia desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 100 au zaidi. Ikiwa unataka jirani asikie si zaidi ya desibeli 40 usiku, ganda la studio yako linatakiwa kupunguza desibeli 60. Ukuta mmoja wa tofali la saruji la inchi 6 lisilo na matundu, uliopigwa lipu pande zote mbili, hupunguza karibu desibeli 50, na katika masafa ya besi (masafa ni idadi ya mitetemo ya sauti kwa sekunde, na kipimo chake ni hezi) hupunguza kiasi kinachozidi nusu ya hapo kidogo tu. Ikiwa utarekodi sauti za waimbaji na gitaa la kawaida tu, ukuta huo pamoja na mlango mzuri unaweza kutosha, na huna haja ya gharama ya hatua ya nne. Ikiwa kutakuwa na ngoma, ukuta mmoja hautoshi, hata ungeupaka nini.

Hatua ya pili: chagua vipimo vya chumba

Sauti husafiri takriban mita 346 kwa sekunde katika joto la nyuzi 25. Inapogonga kuta mbili zinazotazamana na kurudi, kuna masafa fulani ambayo hujikuza yenyewe, na masafa ya chini kabisa kati ya hayo hupatikana kwa kugawanya 346 kwa mara mbili ya umbali wa kuta hizo. Chumba cha kulala cha futi kumi na mbili kwa kumi na mbili, ambacho ndicho kinachogeuzwa studio mara nyingi, kina takriban mita 3.6 kila upande. Hesabu inatoa hezi 48 kwa urefu na hezi 48 kwa upana. Noti ya G ya chini kwenye gitaa la besi iko hezi 49. Kwa hiyo kila mpigaji anapoigusa noti hiyo chumba kizima kinanguruma, na mchanganyaji, akidhani besi imezidi, anaipunguza. Wimbo ukitoka nje ya chumba hicho noti ile haipo. Kosa si la mpigaji wala la mchanganyaji, ni la fundi aliyefunga kamba za msingi.

Unachotafuta ni urefu, upana na kimo ambavyo masafa yake hayarundikani mahali pamoja. Uwiano mmoja unaotumiwa sana na wataalamu wa akustiki ni 1 kwa 1.4 kwa 1.9. Ukianza na kimo cha mita 3, upana unakuwa mita 4.2 na urefu mita 5.7, na masafa ya kwanza yanakuwa takriban hezi 58, 41 na 30, kila moja mahali pake. Hivi ni vipimo vya chumba kilichokamilika kwa ndani. Kama utajenga ukuta wa pili wa ndani, ganda la matofali linahitaji kuongezewa kama sentimita 18 kila upande, yaani liwe takriban mita 6.1 kwa 4.6, na kimo chake kizidi mita 3 kwa kiasi kinachotosha dari ya pili. Mueleze fundi jambo hili kwa maandishi, kwa sababu sentimita zilizopotea kwenye msingi hazirudi.

Aliye na chumba cha mraba tayari asikate tamaa. Anaweza kutenga sentimita 40 mbele ya ukuta wa nyuma na kuzijaza vifyonzaji vinene, yaani vitu vyenye nyuzinyuzi vinavyomeza sauti, jambo ambalo huituliza besi kwenye mhimili mmoja na kuupa mhimili wa pili nafasi ya kusikika peke yake.

Hapa nitasema neno kuhusu kibanda cha kuimbia. Studio nyingi hukata kona ya chumba na kujenga kibanda cha mita 1 kwa 1.2, kisha hukibandika sponji nyembamba. Masafa ya kwanza ya kibanda hicho ni takriban hezi 144 na 173, katikati kabisa ya sauti ya binadamu, na sponji nyembamba haiyagusi masafa hayo. Ndiyo maana waimbaji wa vibanda hivyo husikika kama wamo ndani ya sanduku. Ninashauri chumba kimoja kikubwa, ambamo mwimbaji na prodyuza wanakaa pamoja na prodyuza anavaa hedifoni wakati wa kurekodi. Ni nafuu, na sauti inakuwa bora.

Hatua ya tatu: ganda la nje

Ukuta hupimwa kwa uzito wake kwa kila mita ya mraba, na kila uzito unapoongezeka maradufu, sauti inayopita hupungua kwa desibeli zinazokaribia 6. Tofali la inchi 6 likisimamishwa hutoa ukuta wa takriban kilo 300 kwa mita ya mraba. Tofali hilo hilo likilazwa, ukuta unakuwa na unene wa inchi 9 na uzito wa takriban kilo 460, na unapata desibeli 3 au 4 zaidi. Kwa ukuta unaotazama barabara kulaza ni uamuzi mzuri; kwa kuta nyingine sioni haja. Jambo linalozidi hapo kwa umuhimu ni kujaza chokaa cha saruji katika kila kiungo, hasa viungo vya wima ambavyo mafundi wenye haraka huviacha wazi, na kupiga lipu pande zote mbili, kwa kuwa tofali la saruji lina vinyweleo vinavyopitisha hewa na sauti hufuata hewa. Usikubali matofali yenye matundu hata kama bei yake inavutia. Aliyewahi kukaa ndani ya nyumba ya kale ya Mji Mkongwe, Zanzibar, yenye kuta za mawe ya matumbawe na chokaa zinazokaribia nusu mita, anajua jinsi uchochoro uliojaa watu unavyonyamaza mara dirisha linapofungwa.

Paa ndilo linaloziangusha studio za ukanda wetu. Bati jembamba kwenye mvua ya masika ni ngoma kubwa kuliko zote, na dari ya kawaida ya jipsamu chini yake haifiki popote. Kama bajeti inaruhusu, mwaga zege la sentimita 15 juu ya chumba cha studio peke yake, hata kama nyumba iliyobaki inabaki na kenchi na mabati. Zege hilo lina uzito wa takriban kilo 360 kwa mita ya mraba, na bati likiwa juu yake kwa ajili ya kumwaga maji, mvua hugonga bati na nguvu yake hufia kwenye zege. Kama zege haliwezekani, pigilia plaiwudi ya milimita 18 tabaka mbili juu ya maungio ya dari, ziba kila kiungo, na tandika pamba ya mwamba juu yake, ile ambayo wauzaji huiita rokwuli. Si sawa na zege, lakini tofauti yake na dari tupu ni kubwa. Kabla ya zege kumwagwa, ita mhandisi ahakikishe nondo, mkanda na kuta zinaweza kuubeba uzito huo. Hili si jambo la kukisia.

Hatua ya nne: chumba ndani ya chumba

Ukuta wa pili wa ndani hauguswi na ule wa nje. Simamisha fremu ya mbao za mbili kwa nne, zilizopakwa dawa ya mchwa, ukiacha sentimita 5 kati yake na matofali. Ikae juu ya kipande cha raba, ijazwe pamba ya mwamba, na upande wa ndani ufunikwe tabaka mbili za jipsamu ya milimita 12.5, viungo vya tabaka la pili vikiwa vimepishana na vya la kwanza. Dari ya ndani hubebwa na fremu hiyo hiyo, wala haining'inizwi kwenye zege. Msumari mmoja mrefu unaoshika fremu na tofali, au bomba la umeme la chuma linalopita moja kwa moja kutoka ukuta mmoja hadi mwingine, hulirudisha daraja la sauti ambalo umelipa fedha nyingi kulivunja.

Ukuta huu na ule wa matofali hufanya kazi kama vitu viwili vizito vilivyounganishwa na springi ya hewa, na springi hiyo ina masafa yake ambayo huyapitisha kwa urahisi. Kwa muundo niliouelezea, wenye pengo la takriban sentimita 15 ukihesabu na kina cha fremu, masafa hayo yako karibu na hezi 36, chini ya sehemu kubwa ya muziki. Fundi akikubana ukubali jipsamu tabaka moja na pengo la sentimita 5 ili kuokoa nafasi, masafa hayo hupanda hadi takriban hezi 86, palepale penye uzito wa ngoma ya miguu na gitaa la besi. Ukuta wako utakuwa umezuia mazungumzo na kupitisha muziki. Kwa sababu hiyo hiyo usiongeze ukuta wa tatu katikati: mapengo mawili madogo hushindwa na pengo moja kubwa, hasa kwenye besi.

Ziba kila ufa kwa silikoni isiyokauka ikawa ngumu, kwenye sakafu, kwenye dari na kuzunguka masanduku ya swichi. Kazi hii inachosha na haionekani, na ndiyo inayoamua kama hatua mbili zilizopita zilikuwa na maana.

Hatua ya tano: mlango na dirisha

Mlango wa sentimita 90 unaoacha nafasi ya sentimita 1 chini yake, katika ukuta wa mita za mraba 12, huushusha ukuta huo wote hadi takriban desibeli 31, hata kama matofali yenyewe yangeweza desibeli 50. Kwa hiyo mlango uwe wa mbao ngumu kama mninga au mkongo, usio na uwazi ndani, wenye unene wa milimita 45 au zaidi, ukikaa kwenye fremu yenye mkanda wa raba pande zote nne, pamoja na kizingiti sakafuni ambacho mlango unakibana unapofungwa. Tumia bawaba nne badala ya tatu, kwa kuwa mlango mzito ukilegea kidogo tu raba haigusi tena. Penye kuta mbili weka milango miwili, mmoja kwa kila ukuta, kila mmoja ukifunguka upande wake. Jaribio lake ni rahisi: zima taa usiku, mtu mmoja azungushe tochi nje kando ya fremu, na mahali mwanga unapopenya panahitaji kuzibwa.

Kuhusu dirisha, chumba cha kurekodia kinaweza kuishi bila hilo. Anayelihitaji aweke kioo kimoja kwenye kila ukuta, kimoja cha milimita 6 na kingine cha milimita 10, kwani vioo vyenye unene sawa hupitisha masafa yale yale.

Hatua ya sita: hewa

Chumba kilichozibwa vizuri namna hii, katika mji wa joto na unyevu kama Dar es Salaam au Mombasa, hakikaliki bila mpango wa hewa, na nimeona studio nzuri zikifanya kazi milango wazi kwa sababu mwenye nayo alilikumbuka jambo hili mwishoni. Kiyoyozi cha ukutani hupoza hewa ile ile iliyomo ndani. Hakileti hewa mpya. Watu watano wakifanya kazi humo kwa muda wa saa tatu watatoka na maumivu ya kichwa.

Jenga njia mbili, moja ya kuingiza hewa na nyingine ya kuitoa, kila moja ikipitia sanduku la plaiwudi nene lililowekwa vizuizi ndani ili hewa izunguke kama nyoka, na kuta za ndani ya sanduku zibandikwe pamba ya mwamba. Hewa inapita kwenye kona, sauti inafia njiani. Njia iwe pana kuliko unavyodhani inafaa, kwa sababu hewa inayokimbia kwenye tundu dogo huvuma, na mvumo huo maikrofoni inausikia. Mwendo usizidi mita 2 kwa sekunde kwenye tundu la chumbani. Feni ikae mbali, nje ya ganda, ikiwa imefungwa juu ya raba.

Lenga unyevu wa kati ya asilimia 40 na 60. Udi, gitaa na ngoma za ngozi hupoteza sauti zake nje ya kiwango hicho, na kuvu haichelewi kuota nyuma ya paneli.

Hatua ya saba: umeme

Vuta laini ya peke yake kutoka kwenye ubao mkuu kwa ajili ya vifaa vya sauti, na laini nyingine kwa kiyoyozi na taa. Soketi zote za vifaa vya sauti zirudi kwenye nguzo moja ya ardhi (eathi). Ardhi mbili tofauti ndizo huleta ule mvumo wa hezi 50 na 100 ambao watu hulaumu maikrofoni. Epuka swichi za kufifisha taa.

Hatua ya nane: tuliza sauti ya ndani

Sasa una chumba kimya kutoka nje na chenye makelele ya ajabu kwa ndani. Piga kofi usikie.

Muda ambao sauti huchukua kufifia ulielezwa kwa hesabu na Wallace Sabine, mwalimu wa fizikia wa chuo kikuu cha Harvard, Marekani. Mwaka 1895 aliombwa autibu ukumbi mpya wa mihadhara katika jumba la sanaa la Fogg, ambamo neno moja liliendelea kusikika kwa zaidi ya sekunde 5. Alifanya kazi usiku, mji ukiwa kimya, akipiga filimbi ya kinanda na kupima kwa saa, huku akihamisha mito ya viti aliyoiazima ukumbi wa jirani na kuirudisha kabla ya asubuhi. Alichokipata ni hiki: zidisha ujazo wa chumba kwa mita za ujazo na 0.161, kisha gawanya kwa jumla ya ufyonzaji wa nyuso zote, yaani eneo la kila uso mara sehemu ya sauti unayoimeza, nawe utapata muda huo kwa sekunde.

Chumba chetu kina ujazo wa takriban mita za ujazo 72 na nyuso za takriban mita za mraba 107. Kama nyuso hizo ni lipu inayofyonza asilimia 3 tu ya sauti, hesabu inatoa zaidi ya sekunde 3, kama ukumbi wa ibada. Kwa muziki wa kisasa tunataka takriban sekunde 0.3, na ili kuifikia tunahitaji ufyonzaji kamili wa takriban mita za mraba 38, zaidi kidogo ya theluthi moja ya nyuso zote. Namba hii inakuepusha na makosa mawili: kubandika vipande sita vya sponji na kudhani umemaliza, au kufunika kila kona mpaka chumba kiwe kaburi.

Unene ndio unaoamua masafa yanayofyonzwa. Wimbi la hezi 100 lina urefu wa takriban mita 3.5, na kifyonzaji cha sentimita 3 mbele yake ni kama pazia mbele ya lori. Trei ya mayai ni karatasi nyembamba. Hupunguza kidogo sauti za juu na kuiacha besi ilivyo, na matokeo yake ni chumba kinachosikika kama kimefunikwa blanketi huku chini kukinguruma. Sponji ya godoro ina kasoro hiyo hiyo na hatari kubwa zaidi. Februari 2003, katika ukumbi wa muziki huko West Warwick, Rhode Island, fataki za jukwaani ziliwasha sponji ya polyurethane iliyobandikwa ukutani kuzuia sauti, na watu 100 walikufa. Pamba ya mwamba haiungui. Tafadhali usiweke godoro ukutani.

Kwa kila paneli, tengeneza fremu ya mbao yenye mita 1.2 kwa 0.6 na kina cha sentimita 10, ujaze pamba ya mwamba ya kilo 50 hadi 60 kwa mita ya ujazo, ukiwa umevaa glovu na barakoa. Kitambaa cha kufunikia kiwe kile ambacho ukikiweka mdomoni unaweza kupuliza hewa ikapita. Kanga ya pamba hupita jaribio hilo vizuri, na kipande kimoja cha doti kinatosha kufunika paneli moja pamoja na mikunjo ya nyuma. Ukiiacha paneli sentimita 10 mbali na ukuta, inafanya kazi kwenye masafa ya chini zaidi bila kuongeza gharama ya pamba.

Anza na kona nne za wima, kwa sababu ndiko besi inakorundikana: jaza kila kona kuanzia sakafu hadi dari, uso wa pembetatu ukiwa na sentimita 60. Hiyo ni zaidi ya mita za mraba 7. Endelea na ukuta wa nyuma, ambao ningeufunika kwa unene wa sentimita 20 karibu wote, upate takriban mita 10. Juu ya kiti cha mchanganyaji ning'iniza paneli pana ya mita 2.4 kwa 1.8. Kwenye kuta za kando tafuta sehemu za mwakisiko wa kwanza: kaa kwenye kiti, msaidizi asogeze kioo cha kujitazamia kando ya ukuta, na kila mahali unapoiona spika ndani ya kioo weka paneli. Paneli nane za kando na nyingine chache nyuma ya spika zitakufikisha takriban mita 31, na kiasi kilichobaki kitatolewa na kochi, zulia dogo na watu wenyewe. Sakafu iache ngumu.

Anayerekodi taarabu au ngoma za asili anahitaji uhai kidogo. Fidla na kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi, katika chumba kilichokufa husikika nyembamba, na mpigaji mwenyewe hujikaza kwa kuwa haisikii ala yake ikirudi. Kwa hiyo paneli za upande mmoja wa chumba ziwekwe bawaba: uso mmoja ni kanga na pamba, uso wa pili ni vibamba vya mbao vyenye unene tofauti tofauti vinavyotawanya sauti. Unaugeuza ukuta kulingana na kazi ya siku hiyo.

Hatua ya tisa: spika, kiti na kipimo

Spika zitazame urefu wa chumba, umbali kati yake na kila ukuta wa kando ukiwa sawa, na pamoja na kichwa chako zifanye pembetatu yenye pande sawa. Kiti kianze asilimia 38 ya urefu wa chumba kutoka ukuta wa mbele, yaani takriban mita 2.2; katikati kabisa ya chumba besi hupotea. Spika zikae karibu na ukuta wa mbele. Spika iliyo mita 1 mbali nao hupata shimo karibu na hezi 86, kwa sababu sauti iliyogonga ukuta hurudi kinyume na kuifuta ile ya mbele. Iliyo sentimita 30 shimo lake huhamia karibu na hezi 290, ambako paneli ya nyuma yake huweza kulitibu.

Pima kwa maikrofoni ya kupimia na programu ya Room EQ Wizard, ambayo hupatikana bure. Iweke maikrofoni pale kichwa kitakapokuwa, piga sauti inayopanda kutoka hezi 20 hadi 200, na utazame mchoro. Katika chumba kisichotulizwa, tofauti ya desibeli 20 kati ya kilele na shimo ni ya kawaida. Sogeza kiti sentimita 10 mbele, pima. Sentimita 10 nyuma, pima tena. Kisha fanya hivyo hivyo kwa spika. Siku nzima ya kazi hii ina faida kuliko kifaa chochote utakachonunua mwaka huo. Usijaribu kuziba shimo kwa ikwalaiza, yaani kidhibiti cha kuongeza au kupunguza masafa fulani, kwani kila nguvu unayoongeza kwenye spika huongezeka pia kwenye ule mwakisiko unaoifuta. Vilele unaweza kuvipunguza kidogo kwa ikwalaiza, lakini mashimo huondolewa kwa kusogeza au kwa pamba zaidi.

Kipimo cha mwisho kinasubiri masika. Mvua kubwa ya kwanza ikianza kunyesha, funga milango yote miwili, zima kiyoyozi na feni, panga maikrofoni katikati ya chumba na urekodi dakika mbili za ukimya. Kisha pita na hedifoni na maikrofoni mkononi, ukiisogeza polepole kando ya dari, kando ya fremu za milango na kwenye kila tundu la waya. Mara nyingi utakuta mvua inaingia mahali pamoja tu, pale bomba la kiyoyozi linapokatiza dari, ambapo fundi alijaza sponji badala ya saruji na silikoni. Weka alama kwa kalamu, na mvua ikikatika pafumue na kupaziba.